Anza na Nafula: jibu kwa mwalimu anayeandika riwaya ya vijana

Swali la mwalimu mmoja wa wilaya ya Tororo: Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya bweni, na ninaandika riwaya fupi ya vijana. Wasichana wawili wa kidato cha tatu, Athieno na Nafula, ni marafiki tangu shule ya msingi. Athieno anapata mimba. Niliwasomea wanafunzi wangu sura tatu za kwanza, na kabla sijafunga daftari mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, huyo atakufa au ataolewa." Darasa zima likamuunga mkono. Nifanyeje wasiujue mwisho mapema hivyo? Huyo rafiki yake nimpe kazi gani? Na nifanyeje nisionekane ninawahimiza wasichana wabebe mimba, maana mwalimu mkuu atakisoma kitabu?

Mwalimu, huyo mvulana amekusaidia kuliko mhariri yeyote. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikisoma miswada ya vijana hapa Kampala, na kila mwaka napokea kadhaa yenye msichana mjamzito. Miisho yake inaenea kwenye vidole vya mkono mmoja. Anakufa akijifungua. Anakufa akijaribu kuitoa. Anaozwa. Anatorokea mjini na kupotea. Au anarudi miaka kumi baadaye akiwa daktari, anasimama mbele ya wanafunzi na kuwahutubia. Katika yote hayo rafiki yake ana kazi moja tu, kulia, na akibahatika anaongezewa sentensi moja: "Nilikuonya."

Hadithi hizo zimejengwa juu ya methali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Msichana aliambiwa, hakusikia, guu likavunjika, basi. Siidharau methali, ssenga wangu, yaani shangazi yangu, alinilea kwa methali, na alijua kila moja inasemwa wakati gani na inanyamaziwa wakati gani. Lakini riwaya ikishamjua mkosaji kabla ya ukurasa wa kumi, kijana anafungulia nini ukurasa wa kumi na moja? Tena onyo hilo tumelisema mno. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2006 ulikuta asilimia 25 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 hapa Uganda wameshazaa au wana mimba. Mwaka 2011 ilikuwa 24. Mwaka 2016, 25. Mwaka 2022, 24. Msichana mmoja katika kila wanne, na miaka hiyo yote sisi watu wazima tumekuwa tukiwasimulia habari za guu lililovunjika.

Kwa hiyo unaposoma mbele ya darasa, mwalimu, fikiri kwamba huenda mmoja wa wanaokusikiliza ana mtoto aliyemwacha kwa nyanya yake. Akisikia Athieno amekufa, anajifunza nini kuhusu kesho yake yeye?

Sasa tushike kalenda, kwa sababu riwaya yako imo humo. Zamani msichana akigundulika alifukuzwa, na mwandishi alikuwa na haki ya kuikata hadithi langoni. Mwezi Desemba 2020 Wizara ya Elimu na Michezo ilitoa mwongozo uliorekebishwa: msichana mwenye mimba aende likizo ya uzazi mimba inapofika miezi mitatu, na aruhusiwe kurudi shuleni mtoto akishafika miezi sita. Wapo wakuu wa shule wasioufuata, na wapo wazazi wasiojua kwamba upo. Hayo nayo yaandike. Ila mlango umefunguliwa, na mlango ukifunguliwa hadithi hubadilika umbo. Ilitokea hivyo Marekani pia baada ya sheria ya 1972 iliyokataza shule zinazopata fedha za serikali kuu kubagua kwa jinsia, na kanuni zake za 1975 zilizowataja wajawazito waziwazi. Riwaya za vijana za huko za kabla ya hapo zilizoea kumpeleka msichana kwa shangazi wa mbali. Za baadaye zikaanza kumwacha darasani, tumbo likionekana.

Piga hesabu kwa mihula yetu. Tuseme mimba iliingia katikati ya Desemba, katika ile likizo ndefu. Shule inafunguliwa Februari, na Athieno anarudi bwenini na siri ya karibu miezi miwili. Katikati ya Machi miezi mitatu inatimia, anafunga sanduku. Anajifungua Septemba, wenzake wakianza muhula wa tatu. Mtoto anatimiza miezi sita Machi ya mwaka unaofuata, muhula wa kwanza ukiwa katikati, na mwalimu mkuu asiye na haraka anaweza kumwambia asubiri muhula wa pili. Athieno anaingia tena kidato cha tatu mwisho wa Mei. Nafula yuko wapi? Yuko kidato cha nne, mtahiniwa, jina lake limeshaenda UNEB, baraza la mitihani la taifa, analala bweni la watahiniwa na kula zamu tofauti. Hakuna aliyemchukia mwenzake. Ratiba imewatenga, na hilo linauma kuliko ugomvi, kwa sababu ugomvi una mtu wa kuombwa msamaha.

Hapo ndipo ninapokuomba uanzie. Wewe umeandika sura tatu za Athieno akipendwa, akidanganywa, akitapika. Mimi ningeanza na Nafula aliyebaki. Darasani ana dawati lenye nafasi tupu, na ana miezi kumi na minne ya kuamua kila wiki kama urafiki huu bado upo. Mwache asimulie yeye, kwa nafsi ya kwanza.

Nitakueleza kwa nini nina hakika. Nilikuwa na miaka kumi na sita, shule ya bweni. Rafiki yangu tuliyelala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu, aliitwa ofisini katikati ya somo la jiografia. Baada ya kitambo nikamwona dirishani anavuka uwanja na sanduku lake la bati, matroni akimfuata nyuma. Mkono mmoja umebeba sanduku, wa pili umeshika kiuno cha sketi, kwa sababu zipu ilikuwa haifungi tena na alikuwa akiibana kwa pini yangu. Nilitaka kuinuka. Sikuinuka. Jioni nilikuta ameacha kandambili na kipande cha sabuni. Sabuni ile niliitumia mpaka ikaisha. Barua sikumwandikia hata moja, na si kwamba nilimhukumu. Niliogopa kwamba nikimwandikia, mwalimu mlezi wa wasichana angesema nilikuwa nikijua. Nami nilikuwa nikijua tangu siku nilipompa pini.

Nafula naye lazima awe anajua. Rafiki asiyejua kitu ni shahidi wa bure. Anayejua ana deni, na riwaya za urafiki huendeshwa na madeni. Rudi kwenye ile Desemba: nani alimwambia mama yake Athieno kwamba wanakwenda kusali mkesha? Simu ni ya nani? Mpe Nafula sehemu ndogo katika jambo lile, isiyotosha kumfanya mkosaji, ila inayotosha kumkosesha usingizi.

Kisha kuna kikombe. Unajua vyema kuliko mimi kwamba shule nyingi huwapima wasichana mimba muhula unapoanza. Foleni ndefu nje ya chumba cha nesi, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki, mlango wa choo unafunguliwa na kufungwa. Athieno anamsogelea Nafula na kumwambia kwa sauti ya chini, nigawie wako. Simama hapo, mwalimu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunasema, lakini methali haitaji kufaa ni kufanya nini. Akimgawia, Athieno anapona wiki sita zaidi shuleni, na kwa wiki sita hizo haendi kliniki, hapimwi damu, hapewi hata kidonge cha madini ya chuma, na Nafula anakuwa mshiriki. Akimnyima, Athieno anagundulika leo, mbele ya foleni. Mimi sijui Nafula afanye lipi, na ningependa na wewe usijue unapoanza kuiandika sura hiyo. Wanafunzi wako hawatajua. Huyo mvulana wako atanyamaza.

Kuna jambo la lugha ambalo nakusihi uliangalie, maana ni la Kiswahili chetu hasa. Umeniandikia "Athieno anapata mimba". Tunasema hivyo sote, kama mtu anayepata malaria au anayepata shilingi njiani. Ukisema "ametiwa mimba", sentensi inaanza kudai jina: ametiwa na nani? Ukisema "ameharibiwa", umeshamgeuza maziwa yaliyoganda. "Amejiharibia" ni hukumu kamili. Kila mtu kijijini atakuwa na kitenzi chake. Baba atatumia kimoja, mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, kingine, nesi kingine, na ukisikiliza vizuri utawatofautisha wahusika wako kwa vitenzi hivyo bila kueleza tabia ya yeyote. Nafula aanze kwa "alipata". Ukurasa atakaosema kwa mara ya kwanza "alitiwa" uwe ukurasa mkubwa.

(Jambo dogo papo hapo: wako waandishi wanaopenda kumwita rafiki wa kike "shoga", kama wafanyavyo wanawake wa pwani. Kwa wasomaji wa Tororo neno hilo linabeba maana nyingine, na litawavurugia ukurasa. Andika rafiki, mwenzangu, msiri wangu.)

Nani basi aliyemtia? Katika miswada ninayopokea ni mwendesha bodaboda, karibu kila mara. Wewe uko karibu na Malaba, mji wa mpakani na Kenya, kwa hiyo nabashiri kwako ni dereva wa lori. Watu hao wapo, sikatai, ila wamekuwa pazia la kuwafichia wengine: mwalimu wa kwaya, mpangaji wa nyumba ya uani, binamu aliyeletwa kufundisha hisabati wakati wa likizo, mfanyabiashara anayemlipia ada mtoto wa jirani. Chagua mtu ambaye Nafula anamsalimia kwa heshima na ataendelea kumwona. Sheria ya Uganda haitambui ridhaa ya msichana wa chini ya miaka 18. Hilo ni kosa la kunajisi, adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, na likitendwa na mzazi, mlezi au mwenye mamlaka juu yake linapanda daraja na adhabu inaweza kufika kifo. Kama ni mvulana wa darasa lao, habari inageuka, kwa kuwa naye ni mtoto. Usimwandike kama simba.

Lakini kesi nyingi huishia kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe. Ndugu wa mwanamume wanafika wamevaa vizuri, soda zinafunguliwa, anatajwa ng'ombe, zinatajwa gharama za hospitali, na wazee wanakubaliana "kulimaliza nyumbani". Msichana yuko jikoni. Iandike sura hiyo polepole, kwa urefu utakao. Nafula ametumwa kupeleka vikombe, anasikia bei. Yeye ndiye mtu pekee, mbali na Athieno, anayeweza kusema polisi siku gani, wapi, na nani. Athieno amemwapisha asiseme, kwa sababu mwanamume yule ndiye aliyeahidi kununua maziwa na nguo za mtoto. Kutunza siri ya rafiki ni wema? Msichana wa miaka kumi na sita ameketi na sinia la vikombe mapajani, na swali hilo hakuna mtu mzima atakayemsaidia kulijibu, kwa sababu watu wazima wote wako nje wanahesabu.

Suala la kutoa mimba usilikwepe. Msomaji atakuwa ameshalifikiria kabla yako. Katiba yetu, ibara ya 22, inakataza isipokuwa pale sheria inaporuhusu, na wasichana wanasikia vichochoroni majina ya mizizi na vidonge. Huna haja ya kutaja mizizi. Inatosha Nafula atumwe, aende na pesa kiganjani, asimame mbele ya mlango. Na kama utaandika msichana anayevuja damu, basi mwandike pia rafiki anayempakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali usiku huohuo bila kusubiri mtu wa kuulizwa ruhusa.

Kujifungua ndipo waandishi wengi wanapokimbilia kifo. Hatari ipo kweli. Uchungu unaokawia katika nyonga ambayo haijakomaa unaweza kuua, au kuacha fistula, tundu linalovujisha mkojo, na kifafa cha mimba huwaandama wasichana wadogo kuliko mama zao. Ila hatari hiyo ina anwani. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu kinazalisha. Upasuaji ni wa ngazi ya nne au hospitali, na kati yake kuna barabara, mafuta na saa. Msomaji anayejua umbali huo ataogopa kwa sababu nzuri. Na kabla ya hapo kuna vitu vya kununua: Mama Kit, yaani glavu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, kavera la kutandika kitandani. Nafula akiweka akiba pesa zake za matumizi muhula mzima, asile chapati hata moja wakati wa mapumziko, kisha likizo ikifika ampe mama yake Athieno furushi lile bila neno, umeandika urafiki na hukuhitaji kulitaja jina lake.

Usimpe lakini ule wema wa vitabu vya zamani, wa kumnakilia rafiki madaftari yote. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umeufanya usitoshe. Kazi za darasani na miradi ni asilimia 20 ya alama za kidato cha nne, na kundi la kwanza kutahiniwa hivyo lilikaa mtihani mwaka 2024. Daftari la biolojia unaweza kulinakili usiku mmoja kwa kurunzi. Mradi wa kufuga kuku uliofanywa na watu watano kwa muhula mzima huwezi kuunakili. Mwache Nafula anakili, achoke, ajivune kwa ajili ya rafiki yake, halafu siku Athieno anaporudi wote wawili wagundue kwamba nusu ya mzigo ule haina kazi. Hapo pana ugomvi wa kweli, na pengine kicheko cha kweli.

Na Athieno mwenyewe? Simulizi ya Nafula ina hatari ya kumgeuza mwenzake kuwa tumbo tu. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo tumia vikaratasi vinavyokuja ndani ya mfuko wa karanga au kifuniko cha samli. Ndani yake asilie. Aulize mambo: mwalimu wa fizikia alirudi? Nani anakaa nafasi yangu? Titi likijaa kama jiwe unafanyaje? Straight Talk, gazeti la vijana lililoanza hapa kwetu mwaka 1993, lilijengwa juu ya barua za vijana wenyewe, na anayetaka kujifunza sauti yao aanzie kwenye maswali yao. Weka sanduku darasani, kila mtu aandike swali moja bila jina. Utapata Athieno wako humo. Na kwa kuwa uko mpakani, waandikiane kwa Kiswahili cha Malaba, kile cha sokoni chenye Kijopadhola na Kisamia ndani yake, kwa sababu matroni wa shule yao ametoka Mbarara na hakielewi. Usikisahihishe hata kidogo.

Nimebaki na mwalimu mkuu. Nimeshakaa mbele ya wengi, na wote huuliza swali hilohilo: hamtawafundisha kubeba mimba? Mjibu kwa kitabu. Mpe asome ukurasa ambapo Athieno, wiki ya pili baada ya kurudi, anasikia mtoto wa mpishi akilia nyuma ya jiko, na katikati ya hesabu za logi maziwa yanatoka yenyewe na kulowesha shati jeupe mbele ya wavulana. Mtoto wake yuko kilomita ishirini na mbili kutoka hapo, amezoea titi tangu azaliwe, leo anakorogewa uji. Nafula yuko jengo la watahiniwa, hawezi kujua. Hakuna msichana atakayeutamani ukurasa huo. Wala hakuna atakayeufunga akidhani kwamba Athieno amekwisha, kwa kuwa kesho yake asubuhi yuko kwenye foleni ya uji na sweta amelifunga kifuani, na anataka kujua mtihani wa majaribio ni lini. Mwalimu mkuu akiona vyote viwili pamoja, ugumu na kurudi, kwa kawaida hunyamaza kidogo, kisha huanza kukusimulia habari za msichana mmoja aliyekuwa shuleni kwake.

Umeniuliza pia mwisho uweje. Sitakuchagulia, ila usiupeleke mbali hadi wawe wakubwa wenye kazi na magari. Simamisha kitabu mwezi huo wa Mei, kengele ya chai ya saa nne imelia, kidato cha tatu wanatokea upande huu na cha nne upande ule. Wameonana kwa mbali. Nafula ana dakika kumi na tano, rafiki wapya wawili kando yake, na pini ya sketi, kama ile yangu, ambayo hajarudishiwa. Iandike sura hiyo ya mwisho kwanza, kabla ya kurudia zile tatu, halafu nitumie. Nitaisoma siku hiyohiyo.